Nimemaliza Crash Bandicoot nne kwenye PS4: rivyu ya mtu aliyeanzia kibandani

Juzi nimenunua diski mbili za gemu za PS4 mkononi kwa mtu, Crash Bandicoot N. Sane Trilogy (zile tatu za kwanza zilizojengwa upya) na Crash Bandicoot 4: It's About Time, zote mbili kwa elfu tisini, diski safi hazina hata mkwaruzo. Nikaanza na Trilogy. Crash akatupwa na mawimbi pale ufukweni, akainuka, na kitu cha kwanza nilichofanya sikwenda popote, niliruka tu palepale juu chini juu chini kama mara ishirini mpaka mtoto wa dada yangu aliyekaa pembeni akaniuliza mjomba vipi, pedi imegoma? Haijagoma. Nilikuwa napima anavyoruka. Maana kwa Crash kila kitu kipo hapo, kwenye kuruka na kutua, ukishaharibu hapo hata uweke picha nzuri za namna gani hamna gemu, na ukitaka kujua huyu mnyama alipotelea wapi miaka yote ile na kwanini kila akifufuka anazikwa tena, we fuatilia tu kila kipindi ni nani aliachiwa kazi ya kumrusha.

Mi nimemjulia Tanga, Ngamiani, kwenye kibanda cha gemu kilichokuwa na tivii nne za kichogo na PS1 nne, moja kati ya hizo ilikuwa inageuzwa juu chini ndo lenzi isome. Mpira unalipia kwa mechi ila Crash ilikuwa kwa maisha, unatoa mia unapewa maisha yako, ukiyamaliza unaachia pedi anakaa mwenzio, kwahiyo mtu mmoja anacheza na watu nane wamesimama nyuma yake wanamwelekeza, ruka, subiri, zunguka sasa, ah we ulikuwa unaenda wapi! Hatukujua bandicoot ni nini. Wengi tulimwita Panya Buku, kuna waliosema mbweha kwa sababu ya ile rangi ya chungwa, na mi nimekuja kujua ukubwani kwamba bandicoot ni mnyama wa kweli kabisa yupo Australia, mdogo tu, ana mfuko wa kubebea mtoto kama kangaruu. Yale matunda anayookota tuliyaita maembe. Yule Aku Aku anayemlinda tulimwita Kinyago basi, na mtu akikipata kibanda kizima kinapiga kelele pamoja nacho, "UBUDIGAA!", mpaka mama wa chapati wa jirani anakuja kutufokea.

Na hamna memori kadi. Crash ya kwanza ilikuwa na roho mbaya kwenye kusevu, hata hao wenye memori kadi walikuwa hawasevu mpaka wamalize ile raundi ya bonasi ya Tawna, mpenzi wa Crash, au wapate kito, na ukiwa huna kadi ndo unapewa paswedi, mstari wa pembetatu, mraba, duara na X, uukopi vilevile ulivyo usikosee hata alama moja. Nilikuwa naziandika nyuma ya daftari la Hisabati. Umeme ukikatika kabla hujaandika, ufukweni tena upya.

Kuna kitu nilikuwa najiuliza utotoni, kwanini Crash ndo ilikuwa inaganda kuliko gemu zingine, CD ikiwa na mkwaruzo kidogo tu jamaa anakimbia anasimama, mashine inalia krr krr. Nilivyopata jibu nilizidi kuipenda. PS1 ilikuwa na memori ya MB 2 tu, sasa Andy Gavin, mmoja wa jamaa wawili walioanzisha Naughty Dog, aliandika programu inayovuta steji kutoka kwenye CD kipande kipande huku unatembea, cha mbele kinaingia cha nyuma kinatupwa, ndo maana steji zake zilikuwa na majani na magogo na maji yanayomwagika wakati gemu nyingi za 3D za kipindi kile ni kuta tupu. Lenzi ilikuwa haipumziki. Kwahiyo CD zetu za kukopi na zile lenzi zilizochoka zilikuwa zinaombwa kazi ambayo gemu zingine wala haziombi. Na Crash mwenyewe alijengwa kwa poligoni 512 tu, yaani vile vipande bapa vinavyounda umbo la 3D, sura yake wakaihangaikia zaidi kuliko kitu kingine ili ukifa uione ile mimacho, na rangi ya chungwa wakaichagua makusudi aonekane vizuri kwenye msitu wa kijani. Kila kitu kilikuwa na sababu yake.

Historia yenyewe nitaikimbiza. Mwaka 1994 Gavin na Jason Rubin, marafiki toka utotoni, waliendesha gari kutoka Boston mpaka Los Angeles, njiani wakawa wanajadili hivi ile staili ya kina Mario na Sonic ya kukimbia na kuruka ikihamia kwenye 3D itakuwaje, wakaona sasa si muda wote utakuwa unamwangalia mtu kwa nyuma, wakaipa jina la utani Sonic's Ass Game, yaani gemu la makalio ya Sonic. Ndo maana kuna zile steji wamemgeuza akimbie kuja kwako huku jiwe kubwa linabiringika nyuma yake, walitaka umwone usoni. Michoro ilifanywa na Charles Zembillas na Joe Pearson, mwanzoni aliitwa Willie the Wombat, produza alikuwa Mark Cerny, ile miziki yenye marimba ni ya Josh Mancell. Ikatoka Septemba 1996, ikauza zaidi ya kopi milioni 6, na Sony wakamfanya ndo sura ya PlayStation, Marekani kulikuwa na tangazo la mtu kavaa vazi la Crash kasimama nje ya ofisi za Nintendo na kipaza sauti anamchokoza Mario.

Sasa hapa ndo penyewe. Crash hakuwa wa Sony. Na hakuwa wa Naughty Dog waliomzaa. Mwenye hati alikuwa Universal Interactive, Sony alikuwa anasambaza tu. Ikaja Crash 2 mwaka 1997, ya tatu Warped 1998, Crash Team Racing 1999, gemu nne kwa miaka minne, watu wale wale, mkono ule ule, halafu Naughty Dog wakachoshwa na Universal wakaondoka, 2001 Sony akawanunua, wakaenda kufanya Jak and Daxter, baadaye Uncharted, baadaye The Last of Us. Mtoto akabaki kwa mwenye hati. Mi naifananisha na fundi cherehani mzuri wa mtaani akihama akaacha bango, wateja wataendelea kuja kwa ajili ya bango, ila suti itaanza kuvuta begani na hamna atakayejua kusema tatizo ni nini, wanahisi tu haijakaa.

Na hivo ndo ilivyokuwa. The Wrath of Cortex ya 2001, ya Traveller's Tales, nimeicheza mpaka mwisho, imefuata Warped karibu kila kitu, ila Crash kawa mzito na ile kungoja steji iloadi kwenye PS2 unaweza ukaenda kuteka maji ukarudi bado. Twinsanity ya 2004 ndo naipenda kwenye kundi hilo, Crash na adui yake Cortex wanabiringishana mlimani wanapigana, muziki wote umeimbwa kwa midomo bila ala hata moja, sijasikia gemu nyingine ikathubutu hivo, ila unaona kabisa imetolewa jikoni haijaiva. Halafu 2007 ikaja Crash of the Titans na hapo mi ndo nilimwacha. Wamemchora tatuu mikononi. Kazi yake imekuwa kupiga madude makubwa na kuyapanda mgongoni, kuruka kumebaki kitu cha kuvukia tu. Ikafuata Mind over Mutant 2008, mwaka huohuo Vivendi aliyekuwa kairithi hati toka Universal akaunganishwa na Activision, Crash akahamia nyumba ya tatu na kwenye nyumba hiyo mtoto mpendwa alikuwa gemu la vita la Call of Duty. Kuanzia hapo mpaka 2016 hamna gemu kubwa la Crash hata moja kwenye mashine za tivii. Miaka minane! Kuna kizazi kizima cha watoto kimepita hakimjui.

Ajabu ni kwamba waliomrudisha kwenye midomo ya watu ni walewale waliomwacha. Kwenye Uncharted 4, Mei 2016, kuna sehemu Nathan Drake, mhusika mkuu, yuko nyumbani na mkewe wanabishania nani ataosha vyombo, anawasha PS1 anacheza Crash ya kwanza, steji ya jiwe, na unacheza we mwenyewe. Nilivyofika pale nilisimamisha gemu nikapiga simu Tanga. Mwezi uliofuata Shawn Layden wa Sony akapanda jukwaani kwenye maonyesho ya gemu ya E3 akatangaza tatu za kwanza zinajengwa upya, na tarehe 30 Juni 2017 Trilogy ikatoka PS4, mwaka uliofuata ikaenda Xbox, Switch na kompyuta. Mpaka mwanzoni mwa 2019 walikuwa wameuza zaidi ya milioni 10. Kwahiyo yale maneno kwamba Crash kapitwa na wakati hayakuwa kweli.

Haya turudi kwenye diski.

Trilogy ni kazi ya Vicarious Visions, na kwa kuangalia tu hawa watu walimpenda. Walipata maumbo ya steji za zamani, vingine wakajenga upya, manyoya ya Crash yanaonekana unywele mmoja mmoja, ule msitu una unyevu, miziki ni ileile imepigwa upya kwa ala nzuri. Kusevu wamesawazisha, inasevu yenyewe. Unaweza ukamtumia Coco, dada yake Crash, kwenye steji nyingi tu za zote tatu, na mtoto wa dada yangu wa kike alivyojua hilo ndo akaanza kunipokonya pedi. Kwenye ile ya kwanza zamani ulikuwa ukifa hata mara moja kito unakikosa hata kama umevunja maboksi yote, sasaivi vile vito vyeupe ukifa unaendelea, vile vya rangi tu ndo wanataka usife. Wamerudisha pia Stormy Ascent, steji iliyokatwa 1996 kwa sababu ilikuwa ngumu kupita kiasi, na wallah walikuwa na haki ya kuikata, nimeimaliza siku ya tatu.

Ila kuruka. Hapa nasema ukweli maana wengi wanaosifia Trilogy hawagusi. Kwenye hesabu za mashine chini ya Crash pamekuwa mviringo kama kidonge, kwahiyo akitua kwenye ncha ya jukwaa badala asimame anateleza taratibu anaanguka, na we umekaa pale unaona kabisa umefika, mguu umegusa, halafu unamwona anazama. Ile ya 1996 ungesimama. Pili, walichukua anavyoruka kwenye Warped wakakifanya ndo msingi wa zote tatu, sasa Warped yenyewe inatulia vizuri sana, ya pili nayo haina shida, lakini mapengo ya ile ya kwanza yalipimwa kwa miguu ya ile ya kwanza. Umempa mtu viatu vya mwenzie ukamwambia aruke mtaro uleule. Activision wenyewe baada ya gemu kutoka walikubali kwamba ya kwanza imekuwa inataka umakini zaidi. Mi kwenye The High Road, lile daraja la mbao lenye ukungu, wale kobe wa kudundia mgongoni, nimekufa zaidi ya mara arobaini, na mi steji ile nilikuwa naimaliza nikiwa darasa la sita na watu wanane wananipigia kelele! Mwisho nikafanya ile ya kibandani, unapanda juu ya kamba ya pembeni unatembea nayo kamba mpaka mwisho. Bado inakubali. Nilifurahi kuikuta.

Kwahiyo ukimnunulia mtoto Trilogy usimwanzishie ya kwanza kwa sababu tu ndo ya kwanza. Mwanzishie Warped, ina pikipiki, ina simba mdogo... samahani, chui milia, yule Pura wa Coco kwenye ukuta wa China, ina kila kitu, kufa kwake si kwa kuonewa. Halafu ya pili. Ya kwanza aje nayo akishakuwa na mkono. Kwa ujumla Trilogy mi naipa 8 kati ya 10, na kama siyo ile kuteleza ningeipa 9 na nusu.

Crash 4 sasa. Hii ilitoka tarehe 2 Oktoba 2020, kazi ya Toys for Bob, na inaanzia pale Warped ilipoishia. Nikafanya mtihani wangu uleule, nikasimama nikaruka. Jamani. Huyu ndo yeye! Anapanda haraka, anatua palepale ulipomtuma, na chini yake wameweka kiduara kinachokuonyesha utatua wapi, ambacho ukiona ni cha kitoto unakizima, mi sijakizima na wala sioni aibu maana kwenye 3D kupima umbali ndo ilikuwa balaa toka 1996. Vinyago vipya viko vinne, kimoja kinafanya vitu vitokee na kupotea, kingine kinapunguza mwendo wa muda, kingine kinageuza juu kuwa chini, kingine unazunguka unaruka masafa marefu, na uzuri wake wamevijenga juu ya kuruka, hawajaleta kitu cha pembeni. Unaruka, hewani unabonyeza jukwaa litokee, unatua, unabonyeza lingine, vidole vinaingia kwenye mdundo mpaka unasahau kupumua. Hawa walielewa kazi.

Na kuna kitu kinaitwa Pass N. Play ambacho nashangaa hakisemwi. Unaandika majina mpaka ya watu wanne, mnacheza hadithi nzima na pedi moja, ukifa au ukifika kwenye boksi la C, lile la kushika ulipofikia, gemu lenyewe linasema sasa zamu ya fulani, inahesabu nani kavunja maboksi mangapi. Yaani kibanda! Wametengeneza kibanda ndani ya gemu. Sijui hao jamaa wa California walikaa wapi wakaona watu wanacheza hivo, labda dunia nzima watoto walicheza hivohivo na sisi tulidhani ni shida zetu tu za kukosa mashine. Jumamosi tuliiwasha hapa nyumbani saa nane mchana, mi, watoto wawili wa dada, na shemeji ambaye alisema yeye anapita tu, saa mbili usiku tuko palepale na shemeji ndo anaongoza. Mashine nyingi sasaivi ukitaka kucheza na mtu lazima muwe na intaneti na kila mtu na mashine yake na hela ya usajili wa kila mwezi, hii pedi moja na mkeka inatosha.

Tena haina duka ndani ya gemu. Mavazi yote unayapata kwa kucheza. Nalisema hili kwa sababu ile Crash Team Racing Nitro-Fueled ya Beenox, gemu tamu kabisa la magari, ilitoka Juni 2019 bila duka la hela halisi na Agosti wakaingiza, watu wameshanunua wameshasifia. Hiyo sijapenda mpaka leo.

Ubaya wa Crash 4 ni ulafi. Steji ni ndefu, halafu ndani ya steji moja unakuta maboksi mia mbili, mia tatu, mengine yamefichwa nyuma ya kamera kabisa mahali ambapo hamna mtu mwenye akili timamu angeangalia, unamaliza steji dakika kumi na tano kumbe umekosa mawili na hujui yako wapi. Kuvunja maboksi ilikuwa raha, hapa wameigeuza kazi ya kuajiriwa. Halafu kila steji wana toleo lake la kugeuza kushoto kulia na rangi nyingine, halafu kuna kumaliza bila kufa huku umevunja yote, halafu na kukimbizana na saa, ukijumlisha hiyo asilimia 106 wanayoitaka ni miezi. Mi nimeishia hadithi na vito kadhaa na nimeridhika. Zile kanda za kumbukumbu, zinazokufungulia steji za mazoezi, ni nzuri lakini ili uzipate ufike zilipo bila kufa, kwahiyo wanaozihitaji wajifunze hawazioni. Na wale wahusika wengine, Tawna na kamba yake, Dingodile na lile bomba la kuvuta hewa, Cortex, steji zao ni za kupitia tu, nataka kumrudia Crash haraka. Pamoja na yote hayo 8 na nusu, na kwa kuruka peke yake naipa 10.

Sasa ungetegemea baada ya hapo mambo yatanyooka si ndio? Milioni kumi zimeuzwa, gemu jipya zuri limetoka, wakosoaji wameridhika. Januari 2021, miezi mitatu tu baada ya Crash 4, Vicarious Visions wakahamishiwa Blizzard, kampuni nyingine ya nyumba hiyohiyo. Mwaka huohuo Toys for Bob wakapangiwa kusaidia Call of Duty: Warzone. Fundi mmoja mmoja akaondolewa mezani nguo ikiwa bado mkononi. Crash akapelekwa kwenye simu, On the Run ya King, Machi 2021, Februari 2023 ikafungwa. Toys for Bob walivyorudishiwa Crash wakatoa Crash Team Rumble, Juni 2023, watu wanne kwa wanne, mtandaoni tupu, na Machi 2024 ndo nyongeza ya mwisho. Nimeijaribu kwa rafiki, kuruka kulikuwa kuzuri mno humo ndani, hilo ndo linauma, wale mafundi walikuwa bado wana mkono ila waliambiwa washone kitu ambacho mteja wa Crash hakuomba. Na imeripotiwa kwamba Crash ya tano ilikuwa imeshaanza kuchorwa, wangekuwemo Crash na Spyro, yule dragoni mdogo wa gemu nyingine, pamoja, ikaachwa.

Ndo maana nikisikia mtu anasema Crash kachuja naumia. Hajachuja. Kila akipewa mtu anayejua kumrusha watu wanakuja kwa mamilioni, halafu mtu yule anahamishwa.

Oktoba 2023 Microsoft wamemaliza kuinunua Activision, kwahiyo yule aliyekuwa sura ya PlayStation hati yake iko kwa wenye Xbox, ukiwaza ile 1996 ni kitu cha kukalia chini ukitafakari. Mwanzoni mwa 2024 Toys for Bob wakajitoa wakawa kampuni yao wenyewe, lakini wakasema wanaangalia namna ya kushirikiana na Microsoft. Agosti mwaka huo Trilogy ikaingizwa Game Pass, ile huduma ya Microsoft ya kulipia kila mwezi ucheze gemu nyingi. Hicho kidogo ndo tumaini langu, kwamba mwenye hati na fundi bado wanasalimiana. Septemba 2026 inatimia miaka 30 toka ile ya kwanza, na mi sitaki sherehe wala sanamu, nataka mtu akae na wale wale waliomrusha 2020 awaambie fanyeni tena, steji ziwe fupi kidogo, maboksi yapungue nusu, Pass N. Play ibaki ilivyo, na mkimaliza hamuendi popote mnaanza nyingine. Naughty Dog waliweza gemu nne kwa miaka minne kwa sababu hakuna aliyewagusa.

Kwa anayetaka kununua: diski ya Trilogy ikiwa imetumika angalia tu mkwaruzo wa mviringo, ile ya kukatisha haina shida sana. Crash 4 chukua ya PS4 hata kama una PS5 yenye sehemu ya diski, inapanda kuwa ya PS5 bure, utatumia bando tu kushusha. Hadithi zote nne unacheza bila intaneti. Lugha ni Kiingereza na zingine lakini mtoto haimpi shida, Crash mwenyewe haongei. Hapa kwangu yule mtoto wa dada kafika The High Road jana usiku, kafa kama mara kumi na tano, akageuka akaniangalia. Nikamwonyesha ile kamba ya pembeni.